Namna ya kupanga jiko la kupikia kila siku katika nyumba za Lamu na Malindi

Anayejenga nyumba mpya Malindi na anayekarabati nyumba ya mawe Lamu huuliza maswali yale yale. Sinki likae wapi? Kaunta iwe juu kiasi gani? Mtungi wa gesi ukae ndani au nje? Chumba chembamba kama kile cha bibi kinaweza kuwa jiko la maana? Yote yamejibiwa hapa kwa mpangilio wa kazi, ili ukianza na hatua ya kwanza leo, fundi akija umkabidhi mchoro wenye vipimo, usimwachie akisie.

Msimamo wangu ni mmoja, na hatua zote zinautegemea: kwanza fuata kazi ya mikono, kabati zitajipanga baadaye. Picha nyingi zinazozunguka kwenye simu ni za majiko ya watu wasiokuna nazi, wasiopara changu, wasiosukuma chapati za watu kumi. Ukiyaiga utapata jiko la kupendeza ambamo kila mchana utakuwa umeinama sakafuni katikati ya njia, mbuzi ya nazi mbele yako na watoto wakikuruka.

Tena panga kwa ajili ya chakula cha Jumanne. Biriani ya harusi itapikwa uani kwa kuni, na masufuria makubwa yataazimwa kwa jirani. Sijaona sababu ya kujenga kaunta ya mita sita kwa ajili ya siku mbili za mwaka. Ramadhani ndiyo ya kuifikiria, kwa sababu ni mwezi mzima na sufuria nne zinataka moto kwa wakati mmoja kabla ya magharibi.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Futi ya fundi ya mita 5, chaki, penseli na daftari la hesabu lenye miraba.
- Katoni kubwa kavu, kama zile za friji au za vigae. Utazitumia kujaribia kaunta kabla ya kujenga.
- Vipimo vya vitu ambavyo huna mpango wa kubadilisha: jiko la gesi, friji, mtungi wa gesi, sufuria kubwa kuliko zote, sinia kubwa, kinu.
- Upana wa mlango wa nje, wa mlango wa jiko, na wa ngazi mahali inapokata kona. Kwa Lamu hili si dogo. Friji hushushwa gatini, ikapakiwa mkokoteni au punda, ikafika mlangoni salama, halafu ikagoma kwenye ngazi. Bamba la granaiti la mita 2.4 nalo halikati kona ile. Agiza likatwe vipande viwili tangu dukani.
- Mpishi mwenyewe. Kama wanaopika ni wewe, mama mkwe na binti yako kwa zamu, wote wawepo siku ya kupima. Bwana mwenye kulipa fundi ana haki ya kutoa maoni, lakini kiwiko kinachopimwa ni cha anayepika.

Hatua ya 1: Andika kazi zako za wiki moja

Bandika karatasi ukutani kwenye jiko ulilonalo sasa. Kila siku andika kilichopikwa, nani alikipika, na kazi ilikwama wapi. Jina la chakula pekee halitoshi, andika na mwendo wake.

Chukua wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nazi inavunjwa. Inakunwa, mkunaji amekaa. Inatiwa maji, inakamuliwa, tui zito linawekwa kando na jepesi kando, machicha yanatoka kwenda kwa kuku. Huku nyuma samaki anaparwa magamba, anatolewa matumbo, anaoshwa, anatiwa chumvi na ndimu, anachomwa juu ya makaa, kisha anapakwa tui lililokolea viungo na kurudishwa motoni. Sasa hesabu ni mara ngapi umevuka chumba, na mara ngapi mikono ilikuwa michafu ukatafuta maji. Wengi hugundua kwamba wamekwenda kwenye maji mara nyingi kuliko kwenye moto. Kwa mapishi yetu sinki ndilo kitovu, na ndilo la kuwekwa mwanzo kwenye mchoro.

Chapati na mahamri yana mwendo mwingine: kukanda, kuumua, kusukuma, kukaanga. Kazi hiyo inataka mahali pakavu, mbali na maji yanayoruka, penye upana wa sentimita 60 hadi 90, na pasipo mtu wa kukugonga kiwiko.

Hatua ya 2: Pima chumba kilivyo

Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba virefu na vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali. Upana wa chumba huwa kama mita 2.5 hadi 2.8. Kuta ni nene, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi hazijanyooka. Kwa hiyo pima upana mara tatu: karibu na sakafu, usawa wa kiuno, na juu ya kichwa. Kisha rudia mwisho wa pili wa chumba. Tumia kipimo kidogo kuliko vyote. Nyumba za matofali za Malindi hazina taabu hiyo sana, lakini pima hata hivyo.

Weka alama za mlango na upande unakofungukia, dirisha na urefu wake kutoka sakafuni, mabomba ya maji, tundu la maji machafu, soketi, na nguzo. Chora kwenye daftari, mraba mmoja uwe sentimita 10.

Tahadhari: usitoboe wala kuchimba ukuta wa zamani kwa kubahatisha. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, na mabadiliko ya majengo yake yana utaratibu wa ruhusa. Uliza kabla fundi hajashika nyundo. Hata bila ruhusa kuhusika, ukuta wa chokaa ukipigwa plasta ya saruji nzito hushika unyevu ndani, na baada ya muda plasta hubambuka vipande vipande.

Hatua ya 3: Chagua umbo kwa hesabu

Kaunta ya kawaida ina kina cha sentimita 60. Njia ya mtu mmoja kupika inataka sentimita 90 hadi 105. Wakiwa wawili, 120. Shika namba hizo uzipige kwenye upana wako.

Chumba cha mita 2.5 kinabeba kaunta mbili zinazotazamana, 60 na 60, na njia ya sentimita 130. Hilo kwangu ndilo umbo bora kwa chumba cha boriti, na watu hulidharau kwa sababu ya wembamba wake. Mpishi anageuka tu, hatembei. Chumba cha mita 1.8 weka kaunta moja ya 60, na upande wa pili rafu ya sentimita 30. Utabaki na njia ya 90. Chini ya hapo, safu moja tu.

Kwenye nyumba ya Malindi yenye chumba cha mita 3 kwa 3, umbo la kona moja linatosha, na ukuta wa tatu unabaki kwa friji na kabati la vyakula. Umbo la pande tatu linakula pembe mbili ambazo vitu hupotelea humo. Lichague ikiwa chumba ni kikubwa na wapishi ni zaidi ya mmoja. Kaunta ya katikati, ile ya kuzungukwa, iache mpaka uwe na angalau mita moja ya njia kila upande wake.

Hatua ya 4: Panga mstari wa kazi

Mpangilio ni huu: vyakula vinapokaa, sinki, meza ya kutayarishia, moto, mahali pa kupakulia. Uende kushoto au kulia, ni mkono wako. Usichanganye mfuatano.

Kati ya sinki na moto acha kaunta tupu ya sentimita 90 ukiweza, na isipungue 60. Hapo ndipo utakapokata vitunguu, utakapokamua tui, utakapopaka samaki. Ni sehemu ya thamani kuliko zote jikoni, na ndiyo ya kwanza kuvamiwa na birika, blenda na ndoo ya mkate. Upande wa pili wa moto acha sentimita 30 hadi 40 za kuteremshia sufuria ya moto. Sinki nalo lipate sentimita 45 za kukaushia vyombo.

Kuna kanuni ya pembetatu iliyoenezwa na Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, katika miaka ya 1940: unganisha sinki, jiko na friji kwa mistari mitatu, kila mstari uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, jumla isizidi mita 8 hivi. Inasaidia, lakini ilimfikiria mpishi mmoja mwenye kufungua friji kila dakika. Samaki wa asubuhi akinunuliwa sokoni hupikwa mchana huohuo. Kwa hiyo pembe ya tatu mimi huipa meza ya kutayarishia, na friji naisogeza hata mlangoni, ambako mtoto atachukua maji baridi bila kupita nyuma ya mtu mwenye mafuta ya moto.

Kosa la kawaida: mlango wa uani unaokata mstari kati ya sinki na moto. Kila anayekwenda kuanika nguo anapita hapo. Kama mlango hauhamishiki, weka sinki, meza na moto vyote upande mmoja wake.

Hatua ya 5: Pima urefu wa kaunta kwa kiwiko

Fundi atakwambia, "Futi tatu, mama, ndicho kipimo." Futi tatu ni sentimita 91, na zinamfaa mtu mwenye kimo cha wastani. Wewe simama umevaa ndara unazovaa jikoni, kunja mkono kama unayekata kitunguu, mtu apime kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Toa sentimita 10 hadi 15. Kiwiko kikiwa kwenye 100, kaunta ya kukatia iwe kati ya 85 na 90.

Kuna vighairi vitatu, na ndivyo vinavyookoa mabega:

a) Kukanda na kusukuma kunataka uzito wa mwili, kwa hiyo pawe chini zaidi, sentimita 20 hadi 25 chini ya kiwiko. Meza ya kawaida ya kulia, yenye sentimita 75 hivi, inafaa kabisa. Si lazima kujenga.

b) Jiko la gesi la mezani lina kimo chake, sentimita 10 hadi 15, na sufuria juu yake ina kimo chake. Likikaa juu ya kaunta ya 90, utakoroga pilau mkono ukiwa usawa wa bega na mvuke usoni. Teremsha sehemu hiyo ya kaunta kwa kimo cha jiko lenyewe.

c) Sinki ni kinyume. Mikono hufanya kazi ndani ya bakuli lake, karibu na kitako, kwa hiyo mdomo wake unaweza kupanda sentimita 5 juu ya kaunta ya kukatia.

Mwambie fundi pia arudishe ndani ukuta wa chini ya kaunta: kimo cha sentimita 10, kina cha 7 au zaidi, vidole vya miguu vipate pa kuingia. Kaunta nyingi za zege zimenyooka moja kwa moja hadi sakafuni, na anayepika analazimika kusimama mbali na kuinama mgongo. Hili halina gharama likisemwa mapema. Likisemwa baadaye ni patasi na vumbi.

Hatua ya 6: Tenga mahali pa kukaa

Hakuna mchoro wa dukani utakaokuonyesha hatua hii. Mbuzi ya nazi hukaliwa, kunde huchambuliwa mtu amekaa, mchele hupepetwa amekaa, na bibi mwenye magoti mabovu hupika amekaa. Tenga sakafuni eneo la mita 1 kwa 1.2, karibu na sinki, nje ya njia, penye mwanga wa dirisha na upepo kidogo. Chini pawe na kigae kisichoteleza na mteremko mdogo kuelekea tundu la maji, ili maji ya nazi na ya samaki yaoshwe kwa ndoo moja. Ukutani weka ndoano ya kutundikia mbuzi ikiwa imekunjwa, meno yakitazama ukuta. Yakitazama njia yatamkuta mtoto.

Kama inayokuna nazi siku hizi ni mashine ya sokoni, au unatumia tui la pakiti, punguza eneo lakini usilifute. Mgeni atakayekuja kukusaidia Ramadhani atataka pa kukaa.

Hatua ya 7: Maji ya aina mbili

Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na maji ya mfereji huja kwa zamu. Panga kana kwamba mfereji utakauka kesho. Tangi likae juu ya paa au mnara, na ndani ya jiko pawe na nafasi ya mitungi miwili ya lita 20. Kila mtungi uliojaa ni kilo 20, kwa hiyo usiuweke chini ya sinki nyuma ya mlango wa kabati. Jenga kibao cha kimo cha sentimita 40 pembeni mwa sinki, ili umiminie bila kuubeba.

Ukiweza, piga mifereji miwili: wa kisima kwa kuoshea samaki, sakafu na vyombo vya mwanzo, wa maji matamu kwa kupikia na kusuuzia. Weka alama ya rangi ili mgeni asitie chumvi kwenye chai.

Sinki moja pana lenye kina cha sentimita 20 ni bora kuliko mawili madogo. Chukua sufuria yako kubwa uende nayo dukani, uone kama inaingia chini ya mdomo wa bomba. Watu watakutazama, watazame. Bomba la maji machafu literemke sentimita 2 kwa kila mita, na chini ya sinki liwe na lile pindo linalobakiza maji ya kuzuia harufu ya shimo. Machicha na magamba yasipite humo. Weka kichujio cha waya.

Hatua ya 8: Moto, moshi na upepo

Wazee wa Lamu waliweka jiko orofa ya juu kabisa, mara nyingi chini ya makuti, ili moshi na joto viondoke bila kupita vyumbani. Gesi ilipokuja wengi waliteremsha jiko karibu na kiwanda, ule uwanja wa ndani, kuepuka kupandisha maji na mizigo. Yote mawili yanafaa. La kuchunga ni hewa.

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kwa kawaida Desemba hadi Machi. Kusi hutoka upande wa kusini kuanzia Aprili hadi Septemba. Dirisha linalokupoza mwezi wa Januari linaweza kuwa halina kazi Julai, kwa hiyo pata matundu mawili yanayotazamana, moja chini na moja juu. Meko yasikae kwenye mstari wa upepo. Yaweke pembeni ya dirisha, sentimita 40 au zaidi kutoka ukingo wake. Pazia lisifike karibu.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hukaa chini, sakafuni, ikingoja cheche. Kwa hiyo:

- Mtungi ukae wima, nje ya ukuta penye kivuli na hewa, mpira ukipita kwenye tundu lililowekewa bomba la kuukinga. Usikae karibu na shimo la maji machafu wala ndani ya kishimo.
- Kama lazima ukae ndani, pawe na tundu la hewa chini kabisa ya ukuta. Kabati lililofungwa chini ya meko ndipo mahali pabaya kuliko pote, na ndipo wengi wanapouweka.
- Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, funga. Usijaribu kwa kiberiti.
- Mpira ukipasuka au kukakamaa, badilisha. Chumvi ya bahari huula haraka, na pete za kukazia huota kutu.

Seredani la makaa liwe na mahali pake, uani au barazani juu ya jiwe. Samaki wa kupaka na mishikaki havina utamu vikipikwa kwa gesi, hilo nakubali. Lakini makaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na huua. Juu, chini ya makuti, acha nafasi kubwa kati ya moto na paa, weka bati juu ya meko, na ndoo ya mchanga karibu. Cheche moja na kaskazi vikikutana kwenye makuti, haitaungua nyumba yako peke yake.

Hatua ya 9: Friji, umeme na taa

Friji isigusane na meko, na ipate sentimita 5 hadi 10 za hewa nyuma. Mlango wake ufungukie upande wa kaunta. Nunua kifaa cha kuilinda na umeme unaopanda na kushuka.

Soketi zipande sentimita 15 au zaidi juu ya kaunta, mbali na sinki. Umeme wetu ni volti 240. Birika la wati 2,000 hula zaidi ya ampea 8, na oveni ndogo ya wati 1,500 hula zaidi ya 6. Ukivichomeka pamoja kwenye waya mmoja wa kuongezea wa ampea 13, umeshapita kiwango. Weka soketi zisizopungua nne tangu mwanzo.

Taa ya katikati ya dari itakufanya ukate vitunguu kwenye kivuli chako mwenyewe. Weka taa ya pili mbele yako, juu ya meza ya kutayarishia.

Hatua ya 10: Kabati, rafu na vifaa vya kujengea

Kila kitu kikae kinapoanzia kazi: sufuria na mwiko karibu na moto, visu na ubao karibu na sinki, kibao cha chapati na unga pamoja. Vizito chini ya kiuno. Vya kila siku kati ya kiuno na macho. Sinia za wageni juu kabisa. Rafu za juu zianze sentimita 45 hadi 50 juu ya kaunta na zisizidi kina cha 30, la sivyo utazipiga kwa paji la uso.

Nyumba ya zamani yenye zidaka za ukutani imekupa rafu bure. Zitie viungo na chai, lakini mbali na mvuke. Iliki na mdalasini hupoteza nguvu kwenye joto.

Hewa ya bahari haina huruma. Mbao za MDF (nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi) na za vumbi la mbao huvimba zikishika maji, hasa chini ya sinki. Tumia zege lenye vigae kwa chini, na mbao ngumu kama mvule kwa milango. Hata matundu ya hewa kwenye milango, au pazia la kitambaa, ni bora kuliko kabati lisilopumua linalootesha ukungu. Bawaba ziwe za shaba au chuma cha pua. Chuma cha pua cha daraja 316 hustahimili chumvi kuliko cha 304, ingawa bei yake nayo inapanda.

Hatua ya 11: Jaribu kwa katoni

Chora mpango mzima kwa chaki sakafuni. Panga katoni kwa kimo cha kaunta, weka karai mahali pa sinki, na jiko la gesi mahali pake bila kuliwasha. Igiza mlo mmoja kamili, kuanzia nazi hadi kupakua. Mtu mwingine apite nyuma yako amebeba sufuria. Fungua milango yote kwa pamoja. Unapogonga kitu, sogeza chaki. Rudia siku mbili tatu, halafu ndipo umpigie fundi simu.

Mambo yakikataa

*Kaunta imeshajengwa juu sana.* Usisimame juu ya kibao, utajikwaa na sufuria mkononi. Leta meza ya sentimita 75 kwa kukatia na kusukuma, kaunta ibaki ya vyombo na kupakulia.

*Kaunta iko chini sana.* Ubao mnene wa kukatia, uliotiwa miguu ya sentimita 5 au 10, unamaliza shauri.

*Moto wa gesi unayumba au unazimika.* Angalia upepo kwanza: zuia dirisha la upande huo kwa kigae au bati la kusimama. Ukiendelea kuwa wa manjano na kusawidisha sufuria, matundu ya kichomeo yameziba. Yasafishe kwa sindano na brashi.

*Harufu ya samaki haiondoki.* Mara nyingi inatoka kwenye bomba lisilo na pindo, au kwenye maungio ya vigae. Mwaga maji kwenye tundu la sakafu ambalo halitumiki. Likikauka, harufu ya shimo hupanda.

*Sinki linatoa maji polepole.* Kama mafuta yameganda, maji ya moto na sabuni yatasaidia. Kama ni tangu lilipojengwa, mteremko haukutosha, na hakuna dawa ila kulirekebisha bomba.

*Watu wawili wanagongana.* Tenganisha kazi kabla ya kutenganisha ukuta. Mmoja apewe sinki na nazi, mwingine moto. Sogeza friji na mtungi wa maji ya kunywa nje ya njia yao.

*Milango ya kabati imevimba.* Ing'oe, weka pazia kwa sasa, tafuta maji yanakovuja ndipo uagize mipya.

*Nyumba ni ya kupanga, siruhusiwi kujenga.* Unachohitaji ni meza mbili za mbao zenye kimo chako, rafu ya kusimama, ndoano, na mpira mrefu kidogo wa gesi uliofungwa vizuri. Zipange kwa mstari wa hatua ya 4. Siku ya kuhama, vyote vinapanda mkokoteni pamoja nawe.